Mimba ya Sukari

Wivu wangu kwa wifi yangu ulianza siku ya harusi yangu mwenyewe, na sidhani kama kuna mwanamke mwingine kutoka Likoni hadi Lunga Lunga aliyewahi kuanza mapema hivyo. Nilikuwa nimekalishwa kitandani nimepambwa, hina imenipanda mpaka magotini, manukato ya kumlevya ngamia, na wanawake wote waliokuja kumtazama bibi harusi waligeuka mmoja mmoja kumtazama dada yake bwana harusi, aliyesimama mlangoni na sinia la halua. Hakuwa amefanya lolote. Alikuwa amesimama tu. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa duniani: kusimama mahali, na mahali pakawa pake.

Tangu siku hiyo nimemwonea wivu kwa kila jambo. Kwa sauti yake, ambayo ikisema "hodi" hata paka huamka. Kwa ukoko wa wali wa nazi, kwa sababu mavyaa, mama yake mume wangu, humwekea binti yake ukoko wote na mimi hunipakulia wali laini wa juu, eti mimi mgeni. Nilimzalia wajukuu wawili nikiwa bado mgeni. Na mtacheka, lakini nimemwonea wivu wifi yangu hata kwa siku aliyokamatwa.

Siku hiyo sikuwapo, lakini nimeisimulia mara nyingi mno hata naikumbuka kuliko yeye. Ilikuwa kabla ya corona. Sukari huku kwetu ilikuwa imepanda bei, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, ilikuwa rahisi. Basi kina mama wakawa wanavuka kwenda kuhani misiba isiyokuwapo, na kurudi na sukari. Wengine waliificha ndani ya magunia ya mihogo, wengine chini ya kiti cha bodaboda. Wifi yangu, ambaye hawezi kufanya jambo kama watu wengine, alijifunga pakiti zake tumboni kwa leso, akavaa buibui juu yake, akawa na mimba ya miezi minane aliyoipata asubuhi ile ile. Akapanda bodaboda, mkono mmoja kiunoni, uso wa mwanamke aliyechoka na dunia.

Angepita. Foleni nzima ilikuwa imeshaanza kumpisha. Lakini mvua ikaja, mvua ya huku kwetu ambayo haibishi hodi, ikamkuta katikati ya uwanja wa mpakani. Pakiti zikalowa. Maji matamu yakaanza kumchirizika miguuni mpaka kwenye viatu. Afisa mmoja wa pale, mtu mwenye huruma zake, akayaona akapiga ukelele: "Jamani, huyu mama maji yamemwagika, anazaa!"

Machela ikaletwa mbio. Madereva wa malori wakashuka wakageuza migongo kwa heshima. Mwanamke muuza vitumbua akaacha karai lake motoni akaja kusaidia kuzalisha, akapiga magoti, akapapasa. Kisha akalamba kidole.

"Huyu mtoto," akasema, "tayari ameshatiwa iliki?"

Mimi nikisimulia huwa naongeza kwamba nyuki walishuka makundi kwa makundi kutoka Shimba Hills. Wifi husema walikuwa siafu tu, tena wachache. Lakini hata yeye hakanushi kwamba alipelekwa kortini Kwale, alama zake za vidole zikachukuliwa, na hakimu aliyesoma mashtaka ilibidi asimame kidogo kunywa maji. Akapatikana na hatia. Hakupelekwa gerezani, aliambiwa atumikie jamii kwa kufagia uwanja na ofisi za pale pale mpakani, amevaa kizibao cha kijani ili ajulikane.

Sasa hapa ndipo wivu wangu ulipokomaa. Mwanamke mwingine angefagia ameinamisha uso, leso imefunika mpaka pua. Wifi yangu alifagia kama anayepamba ukumbi. Mpaka ule, uliokuwa na maganda ya machungwa tangu enzi za mkoloni, ukang'aa. Maafisa wakaanza kumsalimu kwanza. Madereva wakawa wanafuta viatu kabla ya kuingia. Akifagia chini ya meza za makarani alikuwa akiwauliza: hili faili la nini, yale yanakaa wapi, kwa nini haya yamefungwa uzi mwekundu? Nao wakamweleza. Muda wake ulipokwisha walimwandalia chai na mandazi. Chai ya kumuaga mwenye hatia! Mimi nilifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, mashuka ambayo ukiyaunganisha yangefika Nairobi na kurudi, na nilipobadilishwa zamu hakuna aliyenipa hata sabuni. Hata adhabu ilimkaa wifi yangu, kama nguo ya Idi.

Nyumbani kwetu Msambweni jambo hilo halikutajwa. Hapa kwetu aibu ya mtu husitiriwa. Unaweza kuijua, jirani anaijua, muuza samaki anaijua, lakini ikitajwa kila mtu hutazama juu kama anayeangalia mvua. Mavyaa akiulizwa binti yake anakwenda wapi kila asubuhi, alijibu, "Ana kibarua," na aliyeuliza, ambaye alikuwa amemwona na kizibao chake cha kijani jana yake, alijibu, "Mungu ambariki."

Kosa kubwa nililifanya mimi. Wakati huo nilikuwa nimeanza gumbaru, masomo ya watu wazima, jioni, katika darasa la shule ya msingi, tukikalia madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu. Njia ya kurudi ilikuwa na giza, nami ni mwoga wa kiwango cha kitaifa. Nikamwambia wifi, "Njoo nawe usome, tuwe tunarudi pamoja." Nilitaka mtu wa kutembea naye. Nilipata mtu wa kunipita. Miaka ikaenda, na tulipofanya mtihani wa kidato cha nne, mimi nilipata alama ya kutosha kutundika cheti ukutani, kipo mpaka leo na fremu yake ya dhahabu bandia. Yeye alipata alama ya kutosha kutokitundika. Alikikunja akakiweka kwenye sanduku, kama mtu anayejua atakihitaji.

Ndipo nafasi ya kazi ikatangazwa: karani wa masjala katika ofisi ya serikali pale mpakani. Nafasi moja. Tuliomba sote wawili. Tuliitwa sote wawili kwenye mahojiano, tukaenda tumevaa leso zinazofanana, kwa sababu mavyaa alizinunua. Mahojiano yangu niliyafanya vizuri mno. Niliwachekesha wale wazee mpaka mmoja akavua miwani. Yake sijui aliyafanyaje, hakutoka na kelele. Majibu yalipokuja, wa kwanza alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa akiba.

Nililala na njaa siku hiyo, na huo si mchezo, mimi nikilala na njaa mbuzi wa jirani huja kuuliza kama kuna msiba.

Lakini asubuhi nikakumbuka jambo. Kazi ile ni ya mafaili ya serikali: mizigo iliyozuiliwa, majina ya wanaoshukiwa, mambo ambayo hayaanikwi uani. Aliyechaguliwa lazima achunguzwe kwanza kama ni wa kuaminiwa. Anatoa alama za vidole, anatafutiwa cheti cha tabia njema, na afisa wa uchunguzi anakuja mpaka mtaani kuuliza majirani. Akishindwa, wa akiba anaingia. Na wifi yangu alikuwa na hatia ya magendo ya mpakani, anaomba kazi ya mpakani! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka uji ukafurika. Sikutakiwa kufanya lolote. Nilitakiwa kukaa tu, kama sadaka inayosubiri Ramadhani.

Afisa alikuja mchana. Alikuwa kijana wa bara, viatu vyeusi vimegeuka vyekundu kwa vumbi, begi begani. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo!" naye akajibu, "Poa sana," wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Alisema anataka kuzungumza na watu mmoja mmoja, faraghani. Maskini. Hapa kwetu mgeni haachwi peke yake hata akiwa na haja ya kwenda chooni. Alipofika nyumba ya tatu alikuwa akifuatwa na mtaa mzima, na alipofika barazani kwetu, mkeka ulikuwa umetandikwa, madafu yamepasuliwa, mahamri yamepangwa, na kila shahidi alikuwa akisikiliza ushahidi wa mwenzake.

Wifi alikaa pembeni ya mkeka. Mimi nilikaa karibu na afisa, nipate kuona uso wake ukibadilika.

"Huyu dada," afisa akasema, "kuna wakati hapo nyuma, miezi kadhaa, alikuwa anafanya nini?"

Jirani wa mkono wa kulia, mama mtu mzima anayeswali sala zote kwa wakati, akajibu bila kupepesa: "Alikuwa Mkongani, mwanangu. Akimuuguza bibi yake."

"Bibi yake anaishi Mkongani?"

"Alikuwa akiishi. Mungu amrehemu."

Mzee wa mtaa akakohoa. "Mimi nakumbuka alikuwa Taru," akasema. "Kwa shangazi yake, mwenye mbuzi. Alikwenda kumsaidia wakati wa kiangazi."

"Taru tena?" afisa akauliza.

"Alianzia Mkongani akapitia Taru," akadakia muuza mahamri. "Ni mwepesi wa miguu yule."

Afisa akawa anaandika na kusema, "Sawa. Sawa." Kila "sawa" yake ilinichoma kama mafuta ya moto. Nilitazama watu wale, watu wazima wenye wajukuu, wakimjengea wifi yangu usafi tofali kwa tofali, kwa hiari, bure! Mimi ambaye ni msafi kweli, ambaye sijawahi hata kumwota askari, ni nani aliyewahi kunitungia walau shangazi mmoja wa Taru?

Wifi alikuwa akichokonoa ukili wa mkeka kwa kidole, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Nikadhani ni maringo.

Kisha afisa akamgeukia mavyaa. "Na wewe mama? Msichana wako hajawahi kupata shida na serikali?"

Mavyaa akajiweka sawa. "Shida? Binti yangu? Mwanangu, huyu hata sukari haigusi. Chai anakunywa kavu."

Sukari! Angetaja chochote kingine, ningevumilia. Afisa akafunga kalamu, akaanza kufunga na begi, nami nikaona kazi yangu ikiingia ndani ya begi lile na kufungiwa zipu.

"Uongo!" nikasema.

Sasa mfahamu. Mke hamkanushi mavyaa. Hamkanushi faraghani, seuze barazani, seuze mbele ya mgeni anayekula mahamri. Mtaa mzima ulitazama juu kuangalia mvua. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Hakuwa Mkongani, hakuwa Taru! Alikuwa Lunga Lunga anafagia na kizibao cha kijani, kila mtu hapa alimwona, na wewe mzee alikupisha ukapita! Alikamatwa na magendo! Alijifunga kilo arobaini za sukari tumboni akajidai mja mzito, mvua ikamnyeshea, akachuruzika sharubati mpaka malori yakateleza!"

Hata madafu yalinyamaza.

Kisha wifi akainua uso kwa mara ya kwanza. "Kilo arobaini, wifi?" akasema. "Tumbo gani hilo? Nilikuwa nazaa ndama?"

Mtu mmoja nyuma akaguna kama anayezuia kicheko.

"Zilikuwa kilo nane," wifi akamwambia afisa, sauti yake ikiwa imetulia. "Na hakuna lori lililoteleza. Mengine aliyosema ni kweli."

Nikangoja uso wa afisa ubadilike. Ukabadilika. Yule kijana alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akafungua begi lake tena, akachukua hamri la pili.

"Hii maneno," akasema, "huyu dada alituambia mwenyewe siku ya mahojiano, kabla hatujauliza. Kilo nane. Mvua. Hata huyo mama wa vitumbua."

"Mliyajua?" mavyaa akauliza.

"Mama, vidole vyake tunavyo. Sasa mimi nakuja hapa kuuliza watu wanaomjua, na kila mtu ananificha. Mmoja Mkongani, mwingine Taru. Nikaanza kujiuliza, huyu msichana amewapanga? Na kama wanaficha hii kidogo, wanaficha gani kubwa? Nilikuwa naenda kuandika kwamba haaminiki."

Mavyaa akaweka mkono kifuani. Jirani wa kulia akavuta leso yake mpaka machoni. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya mkeka kama mlingoti.

Nikamwuliza, maana gumbaru ilinifundisha kuuliza: "Lakini afisa, mtu mwenye hatia ya mpakani mtampaje kazi ya mpakani?"

"Ndiyo maana nimetembea mpaka hapa," akasema. "Kosa la mpaka na kazi ya mpaka, lazima tuchimbe. Tunaangalia lilikuwa kubwa aje. Limepita muda gani. Alimaliza adhabu yake? Amerudia? Na tunaangalia kama anasema ukweli, hiyo ndiyo ya kwanza. Mtu aliye na siri, mama, ako na kamba kwa shingo. Mwenye magendo akiijua ataishika avute: nipitishie lori langu ama nitasema yako. Lakini huyu..." Akanitazama, akatikisa kichwa. "Siri gani tena, na wifi yake anaipigia kelele uwanjani? Hiyo hakuna mtu anaweza kuinunua."

Watu wakacheka. Walicheka kwa kufarijika, wakapigana mapaja, na mzee wa mtaa akaanza mwenyewe kusimulia siku ile wifi alivyompisha akapita. Muuza mahamri akasema siku zote yeye alijua ni siafu, si nyuki. Kila mtu akawa na ushahidi wake, wa kweli, na wote ulimpendeza afisa. Ulipokwisha ule ushahidi, hakuna aliyekuwa amebaki na kitu cha kusitiri.

Wifi akasimama, akaja mpaka niliposimama, akanishika mikono mbele ya watu. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Nilikuwa nimekwama, wifi," akaninong'oneza. "Mama anasema uongo kwa ajili yangu, nami ningemwambiaje mama yangu mbele ya mgeni kwamba anasema uongo? Ulimi ulinigandia. Bila wewe ningeikosa."

Ninaomba mnielewe. Nilikuwa nimesimama kumwangusha. Nilikuwa nimeweka nguvu zangu zote, na kilo thelathini na mbili za ziada. Nikamwambia hivyo hivyo: "Wifi, mimi sikuwa nakusaidia. Mimi nilikuwa nataka hiyo kazi."

"Najua," akasema, akacheka. "Ndiyo maana afisa amekuamini. Nani angedhani tumepangana?"

Hata kunichukia alikataa! Ningepata walau hilo.

Alipata kazi. Mavyaa alichinja kuku wawili, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nije kwa watu hawa, alinipakulia ukoko. Nusu yake. Nusu nyingine alimpa binti yake, na niliona wazi kwamba nusu ile ndiyo iliyokuwa na tui zaidi.

Mimi bado nafua mashuka Diani. Kila asubuhi wifi hupita mlangoni kwangu na blauzi yake nyeupe na kitambulisho kifuani, na blauzi hiyo inamkaa, msiniulize.

Mwaka jana nilikwenda harusini ng'ambo, nikiwa na mimba yangu ya tatu, ya halali, imekwenda juu juu mpaka nilikuwa siyaoni magoti. Nikirudi nikaikuta foleni ya mpakani imefika barabarani, jua la saa saba, na askari mmoja wa kike, mgeni wa pale lakini hadithi bila shaka alishaisikia, akaniangalia tumbo akaniambia, "Mama, hebu njoo kando kidogo tuikague hiyo."

Watu wakaanza kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na yaliyokuwa yakija yangebomoa kituo kile, mlango wa masjala ulipofunguka. Wifi akatoka na faili kwapani. Akasimama. Hakufanya lolote, alisimama tu, na uwanja ule wote, malori na bodaboda na wauza korosho, ukawa wake.

"Wifi!" akaita kutoka kule. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya kaka yako!" nikajibu.

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Akaja, akaweka kiganja juu ya tumbo langu, mbele ya watu wote, kama anayegonga muhuri. Na mtoto wangu, niliyemsihi tangu alfajiri ajigeuze akakataa, nikambembeleza kwa maji baridi akakataa, akampigia yeye teke.

"Huyu ni halali," wifi akasema. "Mpisheni."

Wakanipisha wote, mpaka madereva wa malori. Nikapita katikati yao nimenuna.